Lugha ya Chatu

Barua ilisomwa Jumatatu asubuhi, ndani ya stoo, kwa sababu ukumbi wa mikutano ulikuwa unapakwa rangi. Wasoma mita kumi na wawili walisimama kati ya mabomba ya plastiki na mapipa ya gundi, buti zao bado safi, wakamsikiliza mkuu wa kitengo. Alisoma mbiombio kama mtu anayemeza dawa chungu. Kwamba mamlaka ya maji imenunua mita mpya zinazotuma hesabu zenyewe kwa mtandao. Kwamba zile za zamani zitaondolewa mtaa kwa mtaa. Kwamba kwa hiyo kazi ya kutembea nyumba kwa nyumba inafika mwisho, na badala yake kutakuwa na chumba cha takwimu chenye viti vinne.

Mwanamke pekee kati yao, ambaye mitaa yote ilimwita Mama Mita hata wenye nyumba wasiojua kama ana mtoto, aliwahesabu wenzake bila kugeuza shingo. Kumi na wawili, yeye akiwemo, kwa viti vinne.

"Watakaovikalia," mkuu aliendelea, "ni wanne watakaowashinda wenzao kwenye mafunzo ya wiki sita. Mtajifunza misingi ya kuandika programu za kompyuta. Lugha yenyewe nyepesi, hata watoto wanafundishwa. Inaitwa Paithoni."

"Paithoni si ndiyo chatu?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Ni jina tu."

"Jina tu! Hata chatu mwenyewe huanza kwa kukumbatia."

Walicheka, lakini kicheko kilikatika njiani. Tangu siku hiyo hakuna aliyeiita lugha hiyo kwa jina lake. Ilikuwa ni chatu tu.

Aliyesema maneno hayo ya chatu ndiye aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, mzee mwembamba mwenye mikono mirefu, waliyemwita Kifuniko. Hakukuwa na kifuniko cha chuma barabarani, kiwe kimeshika kutu au kimezibwa kwa saruji, ambacho mzee huyo hakukifungua kwa koleo lake kwa kukivuta mara moja tu. Ndiye aliyemfundisha Mama Mita kazi, miaka kumi na tisa nyuma: namna ya kupangusa kioo cha mita kwa kitambaa kikavu, namna ya kusoma tarakimu nyeusi na kuziacha nyekundu, namna ya kumwambia mwenye nyumba mkali kwamba mita haina ukoo na mtu. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu kwa heshima.

Walipotoka nje alimsogelea Mama Mita. "Wewe una binti aliyesoma," alisema. "Shika hapo hapo."

*

Mume wake alikuwa fundi wa vigae. Tangu magoti yamgeuke, alikuwa akipata kazi siku mbili kwa wiki, na siku hizo alirudi akitembea kama mtu anayepita juu ya misumari. Mshahara wa Mama Mita ndio uliokuwa nguzo ya nyumba, na nguzo hiyo, kama zilivyo nguzo nyingi, ilikuwa haizungumzwi.

"Kwa hiyo wanataka ukaandike kompyuta," fundi alisema, miguu yake ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto. "Wewe ambaye simu ikiandika 'kumbukumbu imejaa' unaipa pole."

"Ni wiki sita."

"Mimi kuweka kigae kikanyooka ilinichukua miaka miwili."

Binti yao aliondoka kwenye kiti. Alikuwa amemaliza sekondari, anangoja kuingia chuo miezi michache ijayo, na shuleni alikuwa mmoja wa wasichana watatu wa klabu ya kompyuta. Alirudi na laptopu kuukuu ambayo mwalimu wake alimwachia. Kitufe cha herufi P kilikuwa kimeng'oka, kimebaki kijipira tu, ambacho ilibidi kibonyezwe kwa kifuniko cha kalamu.

"Tuanze leo," binti alisema, akasogeza sahani pembeni. "Andika print. P-R-I-N-T. Hiyo ni kuiambia iseme. Fungua mabano. Ndani ya mabano fungua alama za kunukuu, andika unachotaka iseme, funga alama, funga mabano."

Mama Mita aliandika kwa kidole kimoja. Kwenye herufi P alichukua kifuniko cha kalamu, akabonyeza kwa uangalifu wa muuguzi anayechoma sindano. Aliandika neno Habari, akafunga mabano. Binti akabonyeza kitufe, na kioo kikatapika maandishi mekundu.

"Hukufunga alama za kunukuu."

"Mbona inanigombeza?"

"Haikugombezi, mama. Inakwambia ulipokosea."

"Kwani mtu anayegomba hufanya nini?"

Fundi alicheka ndani ya beseni lake. Lakini Mama Mita hakuwa akitania. Katika miaka kumi na tisa alikuwa amefukuzwa na mbwa, ametukanwa na wapangaji, na mara moja alimwagiwa maji ya kufulia. Lakini hakuna hata siku moja ambapo kitu kisicho na mdomo kilimfanya ajione mjinga.

*

Darasa lilikuwa chumba cha juu, Jumanne na Alhamisi alasiri. Mkufunzi alikuwa kijana mpole mwenye viatu vyeupe vya raba, aliyeongea kwa sauti ya chini na kumwita kila mtu "mama" au "baba," hata wale waliomzidi miaka mitatu tu. Aliwaeleza kwamba kigeu ni kama kopo lenye jina, unaweka kitu ndani, na ukiita jina unapata kilichomo. Vijana wanne wa mwisho kuajiriwa waliandika harakaharaka na kupigana viwiko. Wazee walitazama vidole vyao.

Lugha ilikuwa na ukali wa ajabu. Ilitaka nukta pacha mwishoni mwa mstari wa sharti, ule unaosema 'kama,' na ukiisahau ilikataa kila kitu kilichofuata. Mstari ulio chini ya sharti ulitakiwa uingie ndani nafasi nne, si tatu. Herufi kubwa na ndogo zilikuwa watu wawili wasiojuana. Kifuniko, aliyekaa safu ya mbele, alikuwa akipeleka pua yake mpaka karibu iguse kioo.

"Unatafuta nini, baba?" mkufunzi aliuliza.

"Hiyo nukta pacha yako. Nimeambiwa ipo."

Darasa lilicheka, naye akacheka pamoja nao. Mama Mita peke yake aliona kwamba mzee aliendelea kuitafuta baada ya kicheko kuisha.

Wiki ya pili walipewa kazi ya nyumbani: waandike programu inayotaja majina ya mitaa mitano, mmoja baada ya mwingine. Mama Mita aliikalia jioni mbili. Jioni ya tatu maandishi mekundu yalikuwa yale yale. Binti yake, aliyekuwa akimchungulia begani na kushusha pumzi kila baada ya dakika, alishindwa kuvumilia.

"Mama, nukta pacha! Mara ngapi nikwambie? Sogea, lete hapa."

Akaandika yeye. Ilimchukua muda mfupi kuliko wa kumenya kitunguu. Mama Mita aliitazama kazi ile safi, na moyo ukamwambia asiipeleke, na uchovu ukamwambia aipeleke. Akaisikiliza sauti ya pili.

Alhamisi mkufunzi aliionyesha ukutani kwa mwanga wa projekta. "Hii ndiyo kazi nzuri kuliko zote," alisema. "Mama, hebu simama utueleze mstari wa tatu. Kwa nini uliandika hivyo?"

Mama Mita alisimama. Aliusoma mstari wa tatu. Kila herufi aliijua, na hakuna alichokielewa. Nyuma yake kijana mmoja alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua. Feni ilizunguka. Mkufunzi alimtazama, akaelewa, na uso wake ukajaa huruma.

"Kaa tu, mama," alisema taratibu. "Hakuna neno."

Angegombezwa angevumilia. "Kaa tu, mama" ilimfuata mpaka nyumbani.

*

"Usiniandikie tena," alimwambia binti yake kabla hata hajavua buti.

"Nilikusaidia."

"Uliniaibisha."

"Niliyekuaibisha ni mimi? Si wewe uliyeipeleka?" Binti aliweka kisu chini, alikuwa akikata mboga. "Unataka kujifunza lakini hutaki kukosea. Nikikwambia umekosea unanuna. Nikinyamaza unasema sikufundishi."

"Unaniambia kama unamfukuza kuku. 'Mara ngapi nikwambie!' Mimi ni mama yako."

"Na mimi nilikuwa mwanao," binti alisema, sauti yake ikiwa imeshuka. "Jedwali la saba. Nilikuwa na miaka minane. Saba mara nane, nikikosea, rula. 'Mara ngapi nikwambie.' Maneno ni yako, mama, sikuyaokota barabarani."

Fundi, aliyekuwa mlangoni, aliingia ndani na kutafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Mama Mita alikaa kwenye kigoda akiwa na buti moja mguuni na nyingine mkononi. Alitaka kusema kwamba zama zile zilikuwa vile, kwamba hata yeye alipigwa, kwamba kwa rula ile ile binti aliongoza darasa. Yote yalikuwa kweli, na hakuna lililofaa. Mtu mzima kumwomba radhi mtoto wake si jambo jepesi. Ulimi hukataa kama mlango uliovimba kwa mvua.

"Saba mara nane ni ngapi?" aliuliza mwishowe.

"Hamsini na sita."

"Ungeijua hata bila rula. Nisamehe."

Binti aliinama akaendelea kukata mboga, vipande vikawa vikubwa vikubwa, havina mpango. Kisha alisema, "Kesho tuanze upya. Sitagusa kitufe hata kimoja. Hata ukilia."

"Na wewe usishushe pumzi."

"Nitashushia jikoni."

*

Walianza upya na mbwa. Binti alikuwa amefikiria usiku kucha jinsi ya kumfungulia mlango mama yake, akaamua kuachana na mifano ya vitabu. "Ukifika kwenye geti la watu," aliuliza, "cha kwanza unafanya nini?"

"Natazama kama kuna mbwa."

"Akiwepo?"

"Napiga hodi, nangoja."

"Asipokuwepo?"

"Naingia."

"Basi umeshaandika programu, mama. Bado kuihamishia humu tu."

Ilimchukua Mama Mita nusu saa, na vidole vyake vilirudi nyuma mara nyingi kuliko vilivyokwenda mbele, lakini hakuna aliyeshusha pumzi.

mbwa = "yupo"
if mbwa == "yupo":
    print("Piga hodi")
else:
    print("Ingia")

Akabonyeza. Kioo kikajibu: Piga hodi. Akabadilisha mstari wa kwanza, mbwa hayupo. Kioo kikajibu: Ingia.

"Kimenitii," alisema, kwa sauti ndogo.

"Mbona juu alama ya sawasawa ni moja na chini ni mbili?" fundi aliuliza, alikuwa amevuta kiti bila wao kumwona.

"Moja ni kuamuru, baba. Mbwa yupo, basi, imekwisha. Mbili ni kuuliza: je, mbwa yupo?"

"Ahaa. Mama yako maisha yake yote ametumia moja."

Walicheka wote watatu, mpaka jirani akagonga ukuta akitaka naye aambiwe. "Na kama mbwa amelala?" fundi aliendelea, na wakaandika hilo pia. Na kama geti limefungwa. Na kama mwenye nyumba anajifanya hayupo huku redio inaimba. Kila sharti lilitaka nukta pacha yake na nafasi zake nne, na Mama Mita alianza kuona kwamba ukali wa lugha ile haukuwa dharau. Ilikuwa kama mgeni wa mbali asiyejua lolote: usipomwambia, hafanyi.

*

Wiki ya nne Kifuniko alimngoja kwenye ngazi. Alikuwa amevua kofia, na hilo peke yake lilimtisha Mama Mita.

"Siku ya mtihani," mzee alisema, "nataka nikae karibu nawe. Kioo chako kikiwa upande wangu kidogo tu. Kidogo tu, binti yangu."

"Mzee, wewe si mjinga wa hesabu."

"Si hesabu. Ni macho. Mtoto wa jicho, yote mawili. Tangu mwaka juzi mita nasoma kwa tochi na kwa kukisia, na sijawahi kukosea kwa sababu kila nyumba naijua inavyokunywa. Lakini nukta pacha siioni. Nukta pacha haina nyumba wala mtaa."

"Umemwambia mkuu?"

"Nimwambie msoma mita haoni? Angenitoa siku hiyo hiyo."

Mama Mita alikumbuka binti yake alipougua surua, jinsi mzee huyu alivyotembea mitaa yake mwenyewe na mitaa ya Mama Mita siku tisa, akaandika jina la Mama Mita chini ya kila ukurasa. Lakini wakikamatwa, vingeondoka viti viwili.

"Njoo nyumbani," alisema. "Tukufundishe kwa maandishi makubwa. Likishindikana hilo, utakaa karibu yangu."

Alikuja jioni tisa. Binti alikuza maandishi mpaka mstari mmoja ukajaza kioo kizima, naye mzee akaketi kwa adabu mbele ya msichana wa miaka kumi na tisa, daftari la shule magotini.

"Shikamoo babu. Leo tunarudia 'if.'"

"Marahaba, mwalimu. Jana niliiota."

Kichwa chake kilikuwa chepesi. Alijibu kwa mdomo kabla swali halijaisha, na alipenda kuuliza maswali ambayo binti ilibidi ayafikirie. Lakini vidole vilitafuta vitufe kama mtu anayetafuta swichi kwenye nyumba ya wageni, na kwa kila mstari aliomaliza yeye, Mama Mita alikuwa amemaliza sita. Darasani hakukuwa na maandishi makubwa. Alipoomba yakuzwe, mkufunzi alikuza kidogo; mzee akaona haya kuomba tena.

*

Siku ya mtihani Mama Mita aliwahi, akaweka mkoba wake kwenye kiti cha jirani. Kifuniko aliingia, akaupapasa ule mkoba, akamrudishia.

"Una mtoto anayekwenda chuo," alisema kwa sauti ya chini. "Nisikuponze." Akaenda kukaa safu ya mbele, pembeni, peke yake.

Mkufunzi aligawa karatasi, kisha akaisoma kwa sauti ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Kulikuwa na nyumba kumi, kila moja na hesabu ya mita ya mwezi uliopita na ya mwezi huu, namba halisi kutoka vitabu vya ofisi. Waandike programu itakayotoa matumizi ya kila nyumba, na kuonya pale matumizi yanapozidi hamsini. Akazisoma namba moja moja. Watu kumi na mmoja walikuwa wameinama, wakiandika kwa hofu.

"Nyumba ya sita, mwezi uliopita elfu tisa mia tisa themanini na moja, mwezi huu kumi na nne. Nyumba ya saba..."

"Mwalimu," Kifuniko aliinua mkono. "Hiyo ya sita imezunguka."

"Imezunguka vipi, baba?"

"Hizo ni mita za tarakimu nne. Zikijaa tisa tupu zinarudi sifuri, zinaanza upya. Ukitoa elfu tisa na ushei kwenye kumi na nne, kompyuta yako itasema huyo mtu ametuuzia maji."

Mkufunzi aliitazama karatasi yake mwenyewe. Alikuwa ameinakili tu. Namba ile hakuiona. Kila msoma mita ndani ya chumba kile alijua mita huzunguka, walijua kama wanavyojua njia ya kwao, lakini siku ile wote walikuwa wameziacha mita nje ya mlango. Mzee asiyeona ndiye peke yake aliyekuwa bado anatembea mitaani.

"Ni kweli," mkufunzi alisema, akakuna shingo. "Haimo kwenye majibu yangu. Basi, atakayeweza kuiandikia sharti lake nitamwongezea alama kumi."

Mama Mita alifunga macho. Kama ya sasa ni ndogo kuliko ya zamani, ongeza elfu kumi. Akaandika, nukta pacha, nafasi nne. Matumizi ya nyumba ya sita yakatoka thelathini na tatu. Alipoinua kichwa alimwona Kifuniko, pua yake kwenye kioo, kidole kikielea juu ya vitufe. Mstari wake wa pili ulikuwa mwekundu. Ulikuwa mwekundu pia saa ilipoisha.

*

Matokeo yalibandikwa Ijumaa kwenye mlango wa stoo. Vijana watatu walikuwa juu. Wa nne alikuwa Mama Mita, amemzidi wa tano alama sita. Kifuniko alikuwa wa kumi na mbili.

Mama Mita alisoma jina lake mara mbili, kisha akafanya hesabu ambayo hakuna aliyemtuma. Ondoa alama kumi, hana kiti. Wenzake walimpongeza, wengine kwa mkono wa kweli, wengine kwa ncha za vidole. Alipanda ngazi mpaka ofisi ya mkuu wa kitengo, akagonga.

"Ile nyumba ya sita," alisema akiwa amesimama, "ni Mzee Kifuniko aliyeiona. Alama zangu kumi zimetoka kinywani mwake."

"Najua. Mkufunzi ameniambia."

"Basi mnamtoaje mtu ambaye bila yeye mtihani wenyewe ungekuwa na kosa?"

Mkuu aliweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na barua yake mwenyewe ndani ya droo, yenye tarehe ya yeye kuondoka kazini. "Mtihani unasahihisha kilichoandikwa, mama. Kilichosemwa hakina safu ya kuwekewa alama." Akangoja. "Unataka nikutoe wewe nimweke yeye? Sema, niandike."

Alikuwa na kalamu tena mkononi. Mama Mita aliitazama kalamu ile. Aliona magoti ya mume wake ndani ya beseni, akamwona binti yake akifunga sanduku la chuo. Akarudi hatua moja kuelekea mlangoni.

"Nenda ukafanye kazi," mkuu alisema, bila ukali.

Nyumbani walimshangilia. Binti alimkumbatia mpaka miguu ikaacha sakafu, fundi akaenda mwenyewe dukani na kurudi na soda tatu. Mama Mita alikunywa yake yote, akasema ni tamu, na hakusimulia habari za kalamu.

*

Chumba cha takwimu kilinukia rangi mpya. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupitisha hesabu za mwisho za mita za zamani, nyumba elfu nne na mia tatu, kabla hazijafungwa moja kwa moja. Programu ilikuwa yake, mistari kumi na saba, na siku ya tatu ikafanya kazi bila wekundu wowote. Ilitoa orodha ya nyumba ambazo mita zilikuwa zimezunguka. Thelathini na moja. Aliichapa, akatoka nayo.

Kifuniko alikuwa kwenye benchi la korido, mbele ya dirisha la karani wa vifaa. Alivaa shati la kutokea na viatu badala ya buti. Wengine saba walikuwa wamekwisha kukabidhi vitu vyao na kwenda.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Chumba kinasemaje?"

"Kina baridi. Nimetoa zilizozunguka."

"Ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Subiri, usinisomee." Aliinua uso, macho yake yenye ukungu yakatazama ukuta. "Mshona viatu, mlango wa bluu. Yule mjane mwenye matanki mawili. Kinyozi wa pembeni. Nyumba ya ghorofa iliyoungua, upande wa nyuma. Mwalimu mstaafu, yule anayekupa kiti hata kama una haraka..."

Aliendelea. Mama Mita alifuata kwa kalamu kwenye orodha, akiweka alama mbele ya kila moja. Mzee alitaja ishirini na sita. Zote zilikuwemo. Tano zilizobaki zilikuwa za mtaa ambao hakuwahi kupangiwa.

"Programu yako iko sawa," alisema. "Haijamwonea mtu."

"Ni yako, Mzee."

"Yangu ina wekundu," alijibu, akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likamwondoka.

Karani aligonga kioo. Mzee akasimama, akaweka dirishani vitu alivyokuja navyo kwenye mfuko, kimoja kimoja. "Koleo la kifuniko moja," karani alisoma akipiga tiki. "Tochi moja. Koti la mvua moja. Kitabu cha hesabu, kimejaa. Sawa, mzee. Weka sahihi kwamba umekabidhi na huna madai."

Karatasi ilisukumwa chini ya kioo. Kifuniko aliishika kalamu, akainama, akaisogeza karatasi huku na huku.

"Wapi?"

"Hapo kwenye vidoti."

"Vidoti sivioni, mwanangu."

Karani alishusha pumzi. Nyuma walikuwa wamekwisha kujipanga watu wawili wa idara nyingine. Mama Mita alisogea, akanyoosha mkono na kuweka kidole chake cha shahada juu ya karatasi, mwanzoni kabisa mwa mstari.

"Hapa, Mzee," alisema.

Mzee aligusa ukucha ule kwa ncha ya kalamu, akaanzia hapo, herufi moja baada ya nyingine, bila haraka. Mama Mita alikitelezesha kidole chini ya maandishi kadiri yalivyokwenda, wala hakukiondoa mpaka jina likaisha.